Kuchagua Regulata ya Kuzamia katika Maji ya Joto: Mwongozo kwa Wazamiaji wa Simiyu na Ghuba ya Speke

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa za Shinyanga na eneo la Busega lililokuwa sehemu ya Magu mkoani Mwanza, hujulikana zaidi kwa pamba na mifugo kuliko kwa maji. Hata hivyo, Wilaya ya Busega, ambayo mji wake wa Lamadi uko takriban kilomita 70 kutoka Bariadi kwa barabara ya lami, inapakana na Ghuba ya Speke, yaani mkono wa Ziwa Victoria unaoingia upande wa kusini-mashariki kati ya kisiwa cha Ukerewe na nchi kavu. Katika ghuba hiyo, na pia katika malambo na mabwawa ya mkoa, zipo kazi zinazomlazimu mtu kuingia majini akiwa na mtungi wa hewa mgongoni: kuokoa au kuopoa waliozama, kukagua mabomba yanayovuta maji ya ziwa, kutafuta vyombo vilivyozama na kufanya utafiti wa viumbe.

Uzito wa kazi hizo ulidhihirika Septemba 2018. Tarehe 20 ya mwezi huo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200, na siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo mmoja akiwa hai ndani ya kivuko hicho, mahali palipokuwa pamebaki hewa. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila regulata inayoaminika, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuichagua kwa kuzingatia mazingira ya Simiyu. Hoja yake kuu ni kwamba mnunuzi wa ukanda huu hana sababu ya kulipia kinga dhidi ya baridi kama afanyavyo mwenzake wa Ulaya, lakini analazimika kujikinga na mambo mawili ambayo vitabu vingi vya maji ya joto huyagusia kwa juu juu tu, nayo ni tope na umbali wa fundi.

Regulata na kazi yake

Hewa iliyomo katika mtungi uliojazwa huwa na kanieneo, yaani presha kama wasemavyo mafundi, ya takriban baa 200, ambayo ni karibu mara mia mbili ya ile ya hewa inayomzunguka mtu nchi kavu, na hakuna pafu linaloweza kuipokea moja kwa moja. Regulata huishusha kanieneo hiyo kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye vali ya mtungi, nacho huishusha hadi kwenye kanieneo ya kati, ambayo katika regulata nyingi huwa baa 9 hadi 10 juu ya ile ya maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili ni kile kipande kinachowekwa mdomoni, ambacho huishusha tena hadi ilingane na kanieneo ya maji na kuitoa pale tu mzamiaji anapovuta pumzi.

Asili ya kifaa hiki inaweza kumsaidia msomaji kukielewa. Mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi wakati wa uhaba wa petroli nchini Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, na mwaka 1943 yeye na mwanamaji Jacques-Yves Cousteau waliigeuza vali hiyo kuwa chombo cha kuvutia hewa chini ya maji. Kwa hiyo regulata ya kuzamia ni ndugu wa regulata ya mtungi wa gesi ya kupikia, isipokuwa kwamba ile ya jikoni hutunza kanieneo moja wakati wote, ilhali hii hubadilika kadiri mtu anavyoshuka na hujifunga kila anapoacha kuvuta. Undugu huo usimpotoshe mtu akadhani kwamba moja yaweza kufanya kazi ya nyingine.

Matakwa ya maji ya Ghuba ya Speke

Jambo la kwanza la kuzingatia ni joto. Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida huwa kati ya nyuzijoto 23 na 28 za Selsiasi, na hilo lina maana kubwa kwa mnunuzi kwa sababu hewa inapotanuka ndani ya hatua ya kwanza hupoa sana, na katika maji yaliyo chini ya nyuzi 10 unyevu unaweza kuganda kuwa barafu, ukaizuia vali isifunge na kuiacha hewa imwagike mfululizo. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 cha mwaka 2014 hutenganisha regulata kwa kigezo hicho hicho, kwa kuzitia zile zisizofaa baridi alama ya ">10°C". Mzamiaji wa Busega anaweza kununua regulata yenye alama hiyo bila wasiwasi, wala hana haja ya kulipia mapezi ya chuma ya kuvuta joto la maji au vifuniko vya mafuta vilivyobuniwa kwa ajili ya barafu pekee.

Jambo la pili ni tope. Mito ya Simiyu, Mbalageti na Grumeti huingia katika ghuba hii, na wakati wa mvua hubeba udongo wa mashamba na malisho, hivyo karibu na midomo ya mito mzamiaji anaweza kuunyosha mkono wake asiuone. Tope hilo laini huingia katika kila tundu lililo wazi, na likikauka huwa gumu na kukwaruza oringi, yaani pete za mpira zinazozuia hewa isivuje. Katika malambo hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ng'ombe huyavuruga maji na kuyatia kinyesi.

Jambo la tatu ni nyavu. Makila ya wavuvi, pamoja na nyavu za timba zilizopigwa marufuku ambazo uzi wake wa plastiki hauonekani majini, hubaki chini zikipotea, na kila mpira wa hewa unaoning'inia mbali na mwili ni mahali pa kunasia. La nne ni maradhi, hususan kichocho, ambacho vimelea vyake huishi katika maji ya kando ya ziwa na hupenya ngozi. La mwisho ni mwinuko: uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya angahewa ni kama baa 0.88. Regulata yenyewe hujirekebisha kulingana na hali hiyo, lakini kompyuta ya kuzamia na majedwali ya kupandia juu lazima yawe yamewekwa kwa ajili ya mwinuko, kwa sababu majedwali ya baharini hayafai kutumiwa ziwani humo bila marekebisho.

Hatua ya kwanza: pistoni au kiwambo

Hatua za kwanza ni za aina mbili. Ya pistoni hutumia kipande cha chuma kinachosogea mbele na nyuma kikisukumwa na springi kwa upande mmoja na hewa kwa upande mwingine. Ina vipande vichache, ni rahisi kuitengeneza na hupitisha hewa nyingi, lakini katika miundo mingi maji huingia hadi kwenye springi na kuigusa pistoni yenyewe. Ya kiwambo hutumia utando wa mpira unaotenganisha maji na mitambo ya ndani, na katika miundo iliyozibwa kabisa hata springi ya nje hufunikwa na utando wa pili, hivyo maji hayagusi chuma chochote kinachosogea.

Katika maji safi na ya joto ya Mafia au Zanzibar pistoni hufanya kazi vizuri sana, na kwa sababu hiyo miongozo mingi ya maji ya joto huipendekeza. Simiyu ni tofauti. Kiwambo kilichozibwa, ambacho wenye nchi za baridi hukinunua kwa ajili ya barafu, hapa kinafaa kwa sababu kinalizuia tope lisifike kwenye springi. Kwa mfano wa bidhaa zinazojulikana, katika orodha ya Scubapro MK2 ni pistoni sahili, MK25 ni pistoni iliyosawazishwa na MK17 ni kiwambo kilichozibwa, na watengenezaji wengine kama Apeks, Aqualung, Mares na Cressi wana mpangilio unaofanana na huo. Jina la kampuni lina uzito mdogo kuliko aina ya mtambo na upatikanaji wa vipuri vyake.

Kusawazishwa na mahitaji ya hewa

Regulata isiyosawazishwa ni ile ambayo nguvu ya hewa ya mtungini huchangia kufungua au kufunga vali yake, hivyo mtungi unapokaribia kuisha uvutaji huwa mgumu. Iliyosawazishwa imeundwa ili kanieneo ya mtungi isiathiri vali, na kwa hiyo mzamiaji huvuta kwa urahisi ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Uamuzi kati ya hizi mbili unategemea kazi, na hesabu ifuatayo inaonyesha sababu.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200, ukiachiwa akiba ya baa 50, unampa mzamiaji lita 1,800 za hewa ya kutumia. Akiwa mita 10 chini ya uso wa Ziwa Victoria anazungukwa na kanieneo ya takriban baa 1.86, yaani 0.88 ya angahewa na 0.98 ya maji. Mtu aliyetulia anayevuta lita 20 kwa dakika hutumia huko kiasi cha lita 37 kwa dakika, hivyo hewa yake hutosha kama dakika 48. Lakini mwokoaji anayekata nyavu au kuvuta kitu kizito huweza kuvuta lita 40, akatumia takriban lita 74 kwa dakika, na hewa ikaisha katika dakika 24. Huyu wa pili ndiye atakayeihitaji hewa nyingi zaidi wakati mtungi wake umepungua, yaani wakati ule ule ambapo regulata isiyosawazishwa huanza kumbana. Kwa mafunzo na kazi nyepesi za kina kifupi, isiyosawazishwa inatosha na ni nafuu. Kwa uokoaji, iliyosawazishwa ni lazima.

Msomaji anayetaka kipimo cha kulinganishia ataikuta alama ya EN 250, ambayo hutolewa baada ya regulata kujaribiwa katika kanieneo ya kina cha mita 50 kwa lita 62.5 za pumzi kwa dakika. Herufi A inayofuata alama hiyo huonyesha kuwa imejaribiwa pia kwa matumizi ya wazamiaji wawili wanaogawana hewa ya mtungi mmoja, na regulata isiyo na herufi hiyo haifai kwa kikosi.

Hatua ya pili na mipira

Kwa hatua ya pili, uzito mdogo na urahisi wa kufunguliwa ni muhimu kuliko mapambo. Gamba la chuma husifiwa kwa kupunguza hatari ya kuganda, sifa isiyo na thamani Busega, kwa hiyo gamba la plastiki ngumu linatosha. Kifuniko cha mbele kiwe cha kufunguka kwa mkono bila zana maalumu, ili mchanga utolewe papo hapo, na pawepo swichi ya kupunguza mmwagiko wa hewa pale regulata inapotumbukia majini ikiwa haiko mdomoni.

Kila mzamiaji hubeba hatua ya pili ya akiba kwa ajili ya mwenzake, na kwa desturi huwa ya rangi ya njano ili ionekane upesi. Katika maji ambamo mkono hauonekani rangi haisaidii kitu, hivyo mahali inapofungwa ndipo pa maana: ifungwe chini ya kidevu kwa mkanda wa mpira, au kifuani katika eneo ambalo kikosi kizima kimekubaliana, ili mkono wowote uifikie kwa kupapasa. Mpira mkuu wa sentimita 70 hadi 80 na wa akiba wa kama mita moja, ikipitishwa karibu na mwili, hupunguza hatari ya kunasa nyavuni kuliko mipira mirefu ya mita mbili inayopendwa na wazamiaji wa mapangoni. Geji ya hewa iwe na uso unaong'aa gizani, nayo ibanwe kifuani isiburute kwenye tope.

Kuifunga regulata kwenye mtungi

Ziko njia mbili za kuifunga regulata kwenye mtungi. Ya kibano huizunguka vali na kukazwa kwa skrubu kwa nyuma, nayo hutumika kwa mitungi isiyozidi baa 232; ya DIN huingizwa ndani ya vali kwa nyuzi za skrubu, ikaishika oringi ndani ambako haiwezi kuchomoka kirahisi, na zile zenye nyuzi ndefu huvumilia hadi baa 300. Kwa kuwa kibano kina skrubu inayojitokeza nyuma ya kichwa, mahali panaponasa nyavu na kugonga mbao za mitumbwi, DIN inafaa zaidi ziwani. Mzamiaji anayetarajia kwenda pia Zanzibar au Mafia anunue regulata ya DIN pamoja na adapta ya kibano, ambayo ni kipande kidogo kitakachomwezesha kutumia mitungi ya kukodi ya aina zote mbili.

Tahadhari kwa vikosi vya zimamoto

Vituo vya zimamoto huwa na vifaa vya kupumulia vinavyotumika katika moshi, ambavyo navyo vina mtungi, regulata na barakoa, na kwa macho hufanana na vya kuzamia. Vifaa hivyo havikuundwa kulingana na kanieneo ya maji wala kuzuia maji yasiingie, na kamwe visitumike chini ya maji hata kama aliyezama anaonekana. Kadhalika, regulata ya oksijeni ya hospitali haina nafasi katika kazi hii.

Mahali ambapo maji yana kinyesi au miili iliyokaa muda mrefu, kikosi kinashauriwa kutumia barakoa ya uso mzima, inayofunika macho, pua na mdomo kwa pamoja, badala ya hatua ya pili ya mdomoni, kwa kuwa vali ya kutolea pumzi ya hatua ya pili ya kawaida huruhusu matone ya maji kurudi mdomoni. Barakoa hiyo hudai hewa nyingi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua hatua ya kwanza iliyosawazishwa. Ifahamike kwamba barakoa peke yake haizuii kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi ya mwili wote. Mavazi yanayofunika mwili, vipimo vya hospitali na dawa ya prazikwanteli kwa wanaogundulika kuambukizwa vinabaki kuwa vya lazima.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Regulata mpya inunuliwe kwa muuzaji anayeweza kuonyesha namba yake ya utengenezaji na dhamana. Iliyotumika si mbaya kwa asili yake, ila gharama ya kuifungua na kubadilisha vipuri ihesabiwe kuwa sehemu ya bei, na mnunuzi aifanyie majaribio manne, ambayo matatu ya mwanzo hayahitaji utaalamu mkubwa.

La kwanza ni kutazama kichujio kidogo kilicho kwenye tundu la kuingizia hewa: rangi ya kijani huashiria kuwa maji yaliingia na kuleta kutu ya shaba, wekundu au kahawia hutokana na kutu ya mtungi wa chuma, na weusi hutokana na vumbi la mkaa wa kichujio cha kompresa. La pili ni kuvuta pumzi kwa nguvu kidogo kifuniko cha vumbi kikiwa kimefungwa na regulata ikiwa haijaunganishwa na mtungi; hewa ikipita, kuna utando au vali ya kutolea pumzi iliyopasuka. La tatu ni kuifunga kwenye mtungi, kuufungua, kisha kuufunga na kuiangalia sindano ya geji kwa dakika kadhaa, kwani ikishuka kuna mvujo. La nne, linalofanywa na fundi mwenye geji ya kanieneo ya kati, ni kuangalia kama kipimo hicho kinatulia baada ya pumzi. Kikiendelea kupanda polepole, kiti cha vali kimelika.

Huduma, vipuri na hewa safi

Watengenezaji wengi huagiza regulata ikaguliwe kila mwaka, na wengine huruhusu miaka miwili kati ya matengenezo makubwa. Maduka ya vifaa vya kuzamia na mafundi waliofunzwa kwa kawaida hupatikana Dar es Salaam na visiwani, na safari ya basi kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam huzidi kilomita 1,000, kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe ni nani atakayeifungua regulata hiyo na vipuri vyake vitatoka wapi. Kwa mtu binafsi, jibu ni kuchagua aina inayohudumiwa na duka analoweza kulifikia, hata kama iko aina nyingine iliyo bora zaidi kidogo. Kwa taasisi, jibu ni kununua muundo mmoja kwa kikosi kizima, kumsomesha fundi mmoja au wawili kwa mtengenezaji huyo na kuhifadhi seti za oringi, viti vya vali na viwambo; regulata sita za aina sita ni mzigo usiobebeka.

Baada ya kila mzamo regulata isuuzwe kwa maji safi ya bomba, si ya ziwa, ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi uliofunguliwa, ili kanieneo iliyomo izuie tope lisiingie ndani. Ikisuuzwa nje ya mtungi, kifuniko cha vumbi kikazwe na kitufe cha kupulizia kisibonyezwe, kwa kuwa kukibonyeza hufungua njia ya maji. Ikaushwe kivulini hadi ikauke kabisa, isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na sehemu ya mdomoni isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu iwapo inatumiwa na watu zaidi ya mmoja.

Regulata nzuri haifai kitu ikipewa hewa mbaya. Kompresa ya gereji au ya kiwanda cha kuchambua pamba, hata ikiwa na nguvu, huchanganya mafuta na moshi wa injini katika hewa yake, na gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu humwua mzamiaji akiwa hajahisi lolote. Kiwango cha Ulaya cha EN 12021 hutaka gesi hiyo isizidi sehemu 5 katika milioni moja na mafuta yasizidi miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo, hivyo mitungi ijazwe kwa kompresa iliyotengenezwa kwa ajili ya hewa ya kupumua tu na yenye vichujio vinavyobadilishwa kwa wakati.

Hitimisho

Kwa mzamiaji wa Simiyu, chaguo linalopaswa kutangulia mengine ni hatua ya kwanza ya kiwambo kilichozibwa na kusawazishwa, ya kufungwa kwa DIN, yenye alama ya EN 250A hata kama ina onyo la maji ya baridi, pamoja na hatua mbili za pili zilizo sahili na mipira mifupi. Pistoni sahili inabaki kuwa chaguo la heshima kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo atakayezamia maji safi pekee. Asiyekuwa na cheti cha kuzamia asinunue regulata yoyote kabla ya kupata mafunzo, na anayeshuhudia mtu akizama apige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji badala ya kujitosa na mtungi asioujua.